SENEMA NA KAZI YA FEDHA

Mtu akitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, akakata kushoto hapo Sangasanga, hupita Mzumbe kabla ya kufika Mlali. Mzumbe ndipo ilipoanzishwa, mwaka 1953, shule ya kuwafundisha watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na tangu 2001 ni Chuo Kikuu. Uhasibu na mambo ya fedha ni katika masomo yake makubwa. Basi wazazi wa Mlali, wanaolima nyanya na mboga chini ya milima ya Uluguru, si wageni wa wanafunzi hao, na wengi wangependa watoto wao wawe miongoni mwao. Hatuna neno juu ya tamaa hiyo. Neno letu ni juu ya picha iliyomo vichwani mwa watoto wenyewe.

Picha hiyo imetoka katika senema, zamani kwenye vibanda vya video na siku hizi kwenye simu. Mwaka 1987 Oliver Stone, ambaye baba yake alikuwa dalali wa hisa, alitoa filamu iitwayo Wall Street ili kuukemea ulafi. Michael Douglas, aliyecheza kama yule tajiri mlafi, amekwisha kusimulia jinsi vijana wanavyomjia kumwambia kwamba yeye ndiye aliyewatia hamu ya kuingia kazi hiyo! Ikaja The Wolf of Wall Street, mwaka 2013. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku Januari 2014 kwa sababu ya uchafu. Sisi tuliitazama, na hatusemi kwamba haichekeshi. Lakini twaona hatari yake ilikuwa penginepo. Jordan Belfort, ambaye habari zake ndizo zinazosimuliwa, alifungwa miezi 22 hivi na kuamriwa kuwarudishia watu karibu dola milioni 110. Filamu ina saa tatu, na karibu zote ni karamu. Waliotapeliwa hatuwaoni.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Karani wa dirishani katika benki hafungi siku mpaka fedha zilizomo zilingane na zilizoandikwa. Mhasibu wa halmashauri hana raha Julai wala Agosti, maana mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni, na hesabu hazina budi kumfikia Mkaguzi Mkuu kabla Septemba haijaisha. Mkaguzi naye hukaa chumbani akilinganisha hati ya malipo na stakabadhi yake, moja baada ya moja, na ile isiyo na stakabadhi ndiyo humla siku nzima. Lakini tumwonaye kuwa na kazi nzito kupita wote ni afisa mikopo. Bei ya nyanya ikianguka, yeye ndiye apandaye pikipiki kwenda kwa mkulima kuuliza marejesho. Huketishwa kwenye kigoda, hupewa maji ya kunywa, na wote wawili huyatazama matenga yaliyooza. Ni senema gani iliyopata kuonyesha hayo?

Wala shahada peke yake haimfanyi mtu mhasibu. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ina mitihani yake, na ashindwaye hurudia. Aliyesoma kwa mkopo wa serikali hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe. Hata huko London, kwenye mishahara minono, Agosti 2013 kijana Mjerumani wa miaka 21, aliyekuwa akijifunza kazi katika benki, alikutwa amekufa bafuni mwake baada ya siku za kukesha kazini. Ilithibitika kwamba alikufa kwa kifafa, na mchunguzi wa vifo hakukana kwamba huenda uchovu ulichangia.

Tungependa walimu wa Mzumbe wawaite siku moja wanafunzi wa sekondari wa Mlali, wawape daftari la chama cha kuweka na kukopa lenye upungufu wa shilingi mia tano, wawaache nalo mpaka wazione zilikokwenda. Mtoto atakayesahau chakula cha mchana kwa kuzitafuta, mzazi wake na auze nyanya amlipie ada.