Gen Anapohutubu: Juzuu ya Mwisho ya Hadashi no Gen

Wapo wahakiki wanaoitukuza juzuu ya 10 ya manga hii kwa kuwa tu msanii wake, Keiji Nakazawa, alinusurika bomu la Hiroshima mwaka wa 1945. Utetezi huo ni dhaifu. Ushuhuda hauwi sanaa mpaka usanifiwe.

Katika sherehe ya kuhitimu shule, Gen anaukataa wimbo wa kumtukuza Mfalme na kuushutumu ukatili wa jeshi la Japani. Ukatili huo ulitendeka. Lakini hapo mhusika anageuka kipaza sauti, na picha inabaki kuisindikiza hotuba. Hilo ni doa la fani, si la maudhui. Kinyume chake, Mitsuko, kipenzi cha Gen, anapouawa na saratani ya damu miaka kadhaa baada ya vita, msuko wenyewe ndio unaoshtaki.

Mwaka wa 2012 halmashauri ya elimu ya Matsue ilitaka mfululizo huu ufungiwe maktabani mwa shule. Agizo likabatilishwa 2013. Mhakiki anayeyafumbia macho madoa ya fani hawalindi wasomaji hao wachanga. Anawaachia wadhibiti kazi ya uhakiki, nao huifanya kwa kufuli.