Jina Lisomwe Herufi kwa Herufi

Mtu anayeshuka mwaloni katika kisiwa cha Goziba kwa mara ya kwanza, awe ametoka Nshamba au Kamachumu, Ukerewe au Ukara, Musoma au Kigoma, haulizwi nasaba yake wala kijiji alichozaliwa. Huulizwa chombo atakachopanda na tajiri atakayemfanyia kazi, na kabla jua halijatua huwa amekwisha kupewa lakabu, nayo ndiyo itakayoitwa mwaloni, dukani na katika daftari la madeni la mama ntilie, hata jina alilopewa na wazazi wake likawa kama nguo ya sikukuu iliyofungiwa sandukuni. Siwalaumu watu wa kisiwani kwa desturi hii, maana uvuvi una haraka yake, na avutaye wavu usiku hana nafasi ya kuita jina la silabi tano. Lakini naona ya kuwa, mahali ambapo makabila mengi yamekutana juu ya ardhi ndogo iliyozungukwa na Ziwa Victoria, elimu ya mtu kujitambulisha kwa jina lake kamili yastahili kufundishwa kwa bidii kuliko mahali pengine, na njia moja ya kuifundisha imo tayari madarasani, ila hufundishwa nusunusu.

Njia hiyo ni ile ya mtoto kuliandika jina lake wima, herufi chini ya herufi, kisha kila herufi akaianzishia neno la kujieleza. Mchezo huu ni mwema, na watoto huupenda. Kasoro yake ni kwamba aghalabu huishia katika sifa tupu: Hawa huandika kuwa yeye ni Hodari, Adili, Wa kutegemewa, Asiyechoka, na kama darasani wamo akina Hawa watatu, wote hutoka na wasifu mmoja, wala msikilizaji hapati njia ya kumpambanua huyu na yule. Sifa isiyo na ushahidi yaweza kuvikwa mtu yeyote.

Wazee wetu wa Buhaya walilijua jambo hili barabara. Zamani za falme za Kiziba, Kianja, Ihangiro (ambayo leo imo katika Muleba) na nyinginezo, mwanamume alisimama mbele ya Mukama, yaani mfalme, akaghani habari zake mwenyewe: yeye ni nani, ni wa ukoo gani, alipigana wapi na alitenda nini. Ghani hizo Wahaya huziita ebyebugo, na katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili zinajulikana kwa jina la vivugo, jambo ambalo Profesa M. M. Mulokozi, mwana wa Kagera aliyezichunguza kwa miaka mingi tendi za enanga na fasihi simulizi ya kwao, ana fadhila kubwa ndani yake. Kivugo kilikuwa na fahari, na pengine chumvi nyingi, lakini kilisemwa kwa majina ya mahali na ya matendo, mbele ya watu waliokuwa wakimjua msemaji na kuyajua mapito yake.

Pwani nako watu waliziheshimu herufi kwa namna yao. Katika karne ya 19 Sayyid Umar bin Amin al-Ahdal wa Siyu alitunga Dura Mandhuma, utungo unaofuata mpango wa herufi za Kiarabu, na wenye ilimu ya falaki walizihesabu herufi za jina kwa abjadi, alifu 1, be 2, jimu 3, dali 4, wakajumlisha jina la mtu na la mama yake ili waitafute nyota yake. Hata Wakristo wa Bukoba, wasomapo Zaburi ya 119, wanasoma aya 176 zilizopangwa kwa herufi 22 za Kiebrania, aya 8 kwa kila herufi, ijapokuwa mpango huo hauonekani tena katika tafsiri. Watunzi hao waliikubali herufi iwe sharti, kwa maana sharti humlazimisha mtu aliache neno la kwanza lililomjia mdomoni, akatafute jingine.

Na tumchukue mtoto wa Goziba aitwaye Kato, pacha mdogo, ambaye nambuni hapa kwa ajili ya mfano. Mwalimu amemwambia kwamba kila herufi ibebe jambo la kweli ambalo jirani aweza kulishuhudia, na yeye akaandika hivi:

Kakuru, pacha mwenzangu, alinitangulia kuiona dunia.
Asili ya baba na mama ni Nshamba.
Taa za mtumbwi wetu mimi ndiye nizifutaye kila jioni.
Orodha ya ndoo za dagaa naiandika mimi, kwa kuwa mama hakusoma.

Mistari minne tu, nasi tumekwisha kumjua ndugu yake, asili ya wazazi wake, kazi ya nyumbani kwao na siri ya daftari lao. Itazameni hasa ile herufi ya mwisho. Maneno ya Kiswahili yanayoanzia O si mengi, na mtoto huyu, baada ya kuzikataa omba, ona na osha, alifika kwenye orodha, na orodha ikatoa habari ambayo hakuna mgeni ambaye angefikiri kuiuliza: kwamba hesabu ya chombo kizima imo mkononi mwa mtoto wa darasa la tano. Mwalimu aliyesikia hayo atajua kwa nini Kato husinzia asubuhi siku ambazo dagaa wamejaa, na huenda fimbo ikapumzika.

Majina yetu ya Kihaya yana ugumu wake, nami sioni haja ya kuuficha. Mwenye kuitwa Byabato ana herufi ya Y ya kushughulika nayo, na Rweyemamu ana R kichwani, ambayo yamtaka aende kwenye riziki, radhi, rehema au rubani. Na Kokushubira anahitaji mistari kumi na mmoja kamili. Ndiyo maana watoto wengi hukimbilia jina la ubatizo, likiwa fupi, na la ukoo wakaliacha. Wasiruhusiwe. Laurean Rugambwa alipofanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupata cheo hicho, aliingia Roma na majina yote mawili. Na Aniceti Kitereza, mwana wa kisiwa cha Ukerewe katika ziwa hili hili, aliyeandika kwa Kikerewe mwaka 1945 kitabu kilichochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, aliwapa watoto wa wahusika wake, Myombekere na Bugonoka, majina ya Ntulanalwo na Bulihwali, majina yaliyobeba huzuni ya wazazi kabla watoto wenyewe hawajatamka neno. Jina la namna hiyo likikatwa, historia ya aila nzima hukatwa pamoja nalo.

Wako wazee watakaosema kwamba kumfundisha mtoto kujieleza mbele ya hadhara ni kumfundisha kibri. Naiheshimu hofu yao, lakini kibri hukaa katika zile sifa tupu nilizozitaja. Mtoto asemaye kwamba hufuta taa hajajikweza juu ya yeyote. Fauka ya hayo, sisi tunaoishi kwa ziwa tuna sababu nzito kuliko adabu ya darasani. Mvuvi anayejulikana kwa lakabu peke yake akizama, nani atapeleka habari kwao, na atazipeleka kijiji gani? Katika msiba wa meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, wapo waliozikwa Igoma, Mwanza, pasipo kutambuliwa majina yao, na jamaa zao hawakupata hata kaburi la kulisimamia. Kumjua mtu kwa jina, kwa wazazi na kwa kijiji chake ni haki tunayodaiwa sisi kwa sisi wakati tungali hai.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa Goziba, na wa visiwa vingine vya Muleba, muhula utakapofunguliwa wawape wanafunzi wao kazi hii kwa sharti nililolitaja, jina la ukoo likiwamo, na makaratasi yale yabandikwe ukutani ili wazazi wayasome. Nawasihi pia viongozi wa vitongoji, siku za mbalamwezi ambapo vyombo vya dagaa hupumzika na wanaume wako nchi kavu, waitishe baraza, na kila mgeni aliyehamia kisiwani asimame atoe kivugo chake, hata kiwe kifupi. Karani aandike majina hayo kwa ukamilifu, pamoja na kijiji cha kila mmoja, katika daftari litakalotunzwa ofisini.