Washairi wa Mombasa wapewe chumba, na kiwe cha kusikiliza

Wamama wenzangu, leo tuweke kando chanjo na uji wa lishe. Nataka tuzungumze mashairi. Najua wengine mshaanza kucheka, lakini nisikilizeni.

Ukiwapeleka watoto Fort Jesus wataona mizinga, kuta nene, vyungu, na vitu vilivyoopolewa kwenye meli ya Wareno iliyozama pale mbele mwaka 1697. Vizuri sana. Lakini mji huu haukujengwa kwa mizinga peke yake. Mimi naona washairi wa Mombasa nao wanastahili chumba kizima cha makumbusho, na kiwe cha kusikiliza, si cha kusoma vibao tu nyuma ya kioo.

Kwa nini kusikiliza? Muangalieni Muyaka bin Haji. Alifariki karibu mwaka 1840, na diwani yake ilichapishwa 1940. Mashairi yake mengi yalikaa vichwani mwa watu, mpaka Mwalimu Sikujua akaanza kuyakusanya. Yaani midomo ya watu ndiyo iliyoyaokoa.

Halafu kuna Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, aliyefungwa 1969 hadi 1972 kwa kuikosoa serikali kwa maandishi. Gerezani aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni, yakaja kuwa kitabu, Sauti ya Dhiki. Mle ndani mna shairi linaloitwa Jipu. Sisi wa wodini majipu tunayajua vizuri, kwa hivyo nani aliwadanganya kwamba ushairi ni wa wasomi tu?

Na mtoto akikwambia "mama, washa runinga", neno hilo mtunzi wake anayetajwa ni mshairi pia: Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Matondoni kule Lamu, aliyeishi na kufanya kazi hapa Mombasa.

Lakini chumba hicho kisije kikawa cha wanaume watupu! Mwana Kupona, wa kule Pate na Siyu, alimtungia bintiye utendi mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Mama anaumwa, na bado anafikiria atamwachia mwanawe maneno gani. Na nyanya zetu waliotunga nyimbo za kubembeleza watoto, ambao hakuna aliyeandika majina yao, wao si washairi? Nyimbo zao ziwekwe pale, mtu abonyeze asikie, na mkeka uwepo wa mama kukaa na mtoto.

Hapa naongea kama nesi. Mtoto huanza kusikia sauti ya mamake akiwa bado tumboni. Akizaliwa, lugha anaijenga kwa kuongeleshwa, kuimbiwa na kujibiwa. Siku hizi tunamtuliza kwa video ya simu. Simlaumu mtu, uchovu wa uzazi nauona kila siku. Ila video haimjibu mtoto anapoguna. Wewe unamjibu.

Kuna atakayesema, "Sista, dawa hazitoshi na wewe wadai mashairi?" Dawa nazidai na sitaacha kuzidai. Lakini dawa hununuliwa. Wimbo wa nyanya, akishaondoka nao, hakuna duka utakaloupata.

Kwa hivyo tusingoje chumba kifunguliwe. Wiki hii mkalishe nyanya, au shangazi, au jirani mzee. Washa simu umrekodi akiimba alivyowaimbia wanawe. Mwambie ataje jina lake na mtaa aliozaliwa, na umuulize wimbo alifunzwa na nani. Hifadhi mahali pawili, maana simu hupotea. Halafu muimbie mtoto usiku huohuo, hata kama sauti yako ni ya kukwaruza. Yeye hajali.

Siku makumbusho yakituuliza washairi wetu ni kina nani, tuwe na cha kupeleka. Haya, niambieni: kwenu mtoto alikuwa akibembelezwa kwa wimbo gani?