Vita Haikuifunga West Point

Mwaka 2003 timu ya chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, ilicheza mechi 13 za futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kukimbia na mpira mikononi, ikafungwa zote 13. Katika daraja la juu la vyuo vya nchi hiyo, hakuna timu iliyokuwa imewahi kufikia hapo. Utetezi haukuwa mgumu kuupata. Kijana mwenye kipaji afuate nini mahali anapoamshwa kwa gwaride, na akihitimu analitumikia jeshi miaka 5 wakati wenzake wanawania mamilioni kwenye ligi ya kulipwa? Tena Machi mwaka huohuo majeshi ya Marekani yalikuwa yameingia Iraki. Yote hayo ni kweli, na ndiyo maana utetezi huu umewadanganya wengi.

Chuo cha wanamaji cha Annapolis, mtani wa jadi wa West Point, kilikuwa na vita ileile na mkataba uleule wa utumishi. Mwaka 2002 timu yake ilishinda mechi 2 tu kati ya 12. Mwaka uliofuata ilishinda 8, ikiwemo ile ya kuichapa West Point 34-6. Kocha wa Annapolis, Paul Johnson, hakuwa na majitu. Alikuwa na mfumo ambao mpira hurushwa kwa nadra: kiongozi wa mashambulizi huusoma ukuta wa wapinzani, kisha kufumba na kufumbua huamua amkabidhi mwenzake wa katikati, akimbie nao mwenyewe au amtupie wa pembeni. Mfumo huo unataka nidhamu, wepesi na kurudia zoezi lilelile hadi lichoshe, mambo ambayo chuo cha kijeshi kinayo tele. West Point ilikuwa imeishi kwa kukimbia na mpira vivyo hivyo, na mwaka 1996 ilishinda mechi 10 kati ya 12. Alipokuja kocha Todd Berry mwaka 2000, iliuacha mtindo huo ikageukia pasi ndefu, zinazodai walinzi wenye miili mikubwa na wapokeaji wenye kasi ya ajabu, yaani watu walewale ambao chuo hicho hakiwapati. Chini yake ilishinda mechi 5 kati ya 40, akafukuzwa katikati ya msimu ule wa 2003.

Wapo watakaosema kazi ya West Point ni kutoa maofisa, si vikombe. Sawa, lakini chuo chenyewe ndicho kinachosema kiwanja ni darasa. Douglas MacArthur, alipokuwa mkuu wake baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alimlazimisha kila mwanafunzi kushiriki michezo kwa sababu hiyo. Basi somo la 2003 lilikuwa lipi? Kamanda amepewa kikosi chepesi, akachora mpango wa kikosi kizito. Katika vita halisi hatungemsingizia adui.

Pingamizi zito zaidi ni la 2015. Jeff Monken, muumini wa mfumo wa kukimbia, alifungwa mechi 10 kati ya 12 akiwa kocha wa West Point. Je, mfumo nao si hadithi tu? Tazameni namna alivyofungwa: Penn State, chuo kikubwa chenye kila kitu, 20-14, Annapolis 21-17. Timu iliyokuwa ikipoteza kwa pointi 4 au 6 ilikuwa na mpango uliowafaa wachezaji wake, na wakuu wa chuo, kwa bahati, waliliona hilo wakamwacha aendelee. Desemba 2016 West Point ilimfunga mtani wake 21-17, matokeo yaleyale yaliyogeuzwa, baada ya kufungwa naye miaka 14 mfululizo. Na siku ile ya 34-6, Monken alikuwa upande wa pili wa kiwanja, msaidizi wa Johnson.