MASHAURI YA JUMA: Mashine ya Kugawa Maji

Ndugu mmoja mkulima wa Mkula ametuletea swali ambalo halijapata kufika katika ukurasa huu. Chama chao cha wamwagiliaji kimejiwa na wauzaji wa mashine yenye akili yake. Hupima maji ya mfereji, hukadiria mvua, kisha hufungua na kufunga milango ya maji bila kungojea mtu. Wanachama wengine wataka inunuliwe upesi, wengine wasema ni ushetani. Wafanyeje?

Ushetani hakuna. Pale Ifakara wataalamu wa Taasisi ya Afya, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow, wamefundisha mashine ya jamii hiyo kutambua umri wa mbu kwa kummulika kwa mwanga usioonekana kwa macho. Faida yake ni kubwa, kwa sababu kijidudu cha malaria huhitaji siku kumi hivi au zaidi kukomaa tumboni mwa mbu. Basi mbu mzee ndiye wa kuogopwa. Lakini angalieni: mbu aliyelelewa maabara si sawa na mbu wa mashambani, na mashine iliyosoma kwa wale wa kwanza tu huwakosea hawa wa pili. Haina budi kuonyeshwa na mbu wa mahali penyewe.

Je, hii ya maji ilisomea wapi? Kama ilisomea nchi tambarare, itajuaje mito ishukayo kwa kasi kutoka milima ya Udzungwa? Muulizeni mwuzaji hivyo hivyo, tena mbele ya mkutano.

Swali zito zaidi ni hili: imeagizwa kutafuta nini? Mashine hutimiza neno iliyoambiwa, wala haina aibu. Ukiiambia iokoe maji, yaweza kuona kwamba majaruba yaliyo karibu na banio hayapotezi maji mengi njiani, na mama mjane aliye mkiani mwa mfereji akaachwa mpunga wake ukauke. Mgawa maji wa leo amjua mama huyo, na akimdhulumu atasemwa kijiji kizima. Hivyo sheria ya haki ya zamu na iandikwe kwanza na wanachama wote, wa mkiani wakiwamo, ndipo mashine ipewe.

Kisha msinunue mfereji mzima. Ombeni majaribio ya kiangazi kimoja katika tawi moja, na katika majaribio hayo mashine ishauri tu, isiguse mlango. Mgawa maji aandike kila siku mashine ilishauri nini na yeye alifanya nini. Mwisho wa msimu mtalinganisha. Huyo mgawa maji asifukuzwe hata mkija kununua, kwani siku umeme ukikatika au mtandao ukipotea, mlango utafunguliwa na mkono wa nani? Gurudumu la mkono libaki, na ufunguo ukae kijijini. Tena mkataba utaje jina la mtu atakayejibu shamba likikauka. “Ni mashine iliyoamua” si jibu.

Majina yenu, ekari zenu na madeni yenu visichukuliwe ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 1922 haipo. Ipo ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, nayo yawalinda hata wakulima.

Baba Mtakatifu Leo wa 14, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei, 2025, alieleza kwamba alichukua jina hilo akimkumbuka Leo wa 13, aliyeandika juu ya haki za wafanyakazi mwaka 1891 viwanda vilipokuwa vikienea. Naye aona akili hizi za mashine zaleta swali lile lile.

Daftari la zamu za sasa mnalo? Kama zamu zimo vichwani mwa wazee tu, anzeni kwa kuziandika, kabla mwuzaji hajarudi.