Cheti cha Tajnisi na Mashamba ya Katumba

Uraia wa tajnisi, yaani ule anaopewa mgeni kwa maombi na kiapo badala ya kuupata kwa kuzaliwa, hauanzi kumfaa mtu siku uamuzi unapotangazwa, jambo ambalo husahaulika mno. Wakimbizi walioingia kutoka Burundi mwaka 1972 na kupewa mashamba katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, magharibi mwa Tanzania, walikuwa wamekwisha kulima, kuzaa na kuzika humo kwa zaidi ya miaka 30 serikali ilipowafungulia mlango wa kuomba uraia, na kufikia mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 160,000 yalikuwa yamekubaliwa. Hata hivyo, vyeti vilizuiwa kwa kuwa walitakiwa kwanza kuyahama makazi hayo na kutawanywa katika mikoa mingine, sharti lililowaweka katika hali ya ajabu kidogo: uraia wa Burundi walitakiwa kuukana, ilhali wa Tanzania hawakuwa na hati ya kuuthibitisha. Ugawaji wa vyeti ulianza mwaka 2014, sharti la kuhama likiwa limeachwa, na wengi wakabaki palepale penye mihogo, tumbaku na makaburi ya wazee wao.