Na Mkutubi Naye Arudi Darasani

Daktari wa Kenya anayetaka kuhuisha leseni yake hudaiwa alama za mafunzo endelevu kila mwaka. Ni utaratibu mzuri, kwa kuwa tiba ya juzi si lazima iwe tiba ya leo. Lakini mkutubi anayemtafutia daktari huyo makala za utafiti hana leseni ya kuhuishwa. Akishapata cheti chake anaweza kukaa kwenye kaunta miaka 20, na asiulizwe amejifunza nini tangu aajiriwe. Naona hapo pana kosa.

Wapo watakaosema kwamba mkutubi hamgusi mgonjwa. Basi tuangalie visa viwili.

Cha kwanza kinaanzia huku huku Guangdong. Katika karne ya 4, mtabibu Ge Hong, aliyemalizia maisha yake katika mlima Luofu, mashariki ya jiji letu, aliandika kitabu cha tiba za dharura. Ndani yake mna agizo fupi kuhusu homa: konzi ya qinghao, mmea wa jamii ya pakanga, ilowekwe majini, ikamuliwe, na maji yake yanywewe. Zaidi ya miaka 1,600 baadaye, Tu Youyou na wenzake mjini Beijing walikuwa wakipekua vitabu vya kale kutafuta dawa ya malaria. Mmea walikuwa nao, ila nguvu yake haikutegemeka. Tu aliporudia agizo lile aligundua kwamba Ge Hong hakutaja kuchemsha. Mwaka 1971 akajaribu kuitoa dawa kwa joto dogo, ikafanya kazi. Artemisinini hiyo ndiyo asili ya dawa mseto wanayomeza wagonjwa wa malaria Tanga na Kisumu, na mwaka 2015 Tu alipewa Tuzo ya Nobel.

Cha pili ni cha msiba. Mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwanamke wa miaka 24 mwenye afya njema alijitolea kushiriki utafiti wa pumu. Alipewa dawa iitwayo heksamethoniamu aivute, mapafu yakaharibika, akafariki. Mtafiti alikuwa ametafuta habari za dawa hiyo katika hifadhidata ambayo wakati ule ilianzia mwaka 1966. Makala zilizoeleza madhara yake kwa mapafu zilichapishwa miaka ya 1950. Mkutubi anayejua mipaka ya hifadhidata angeuliza swali moja tu: na kabla ya 1966 je?

Swali kama hilo haliji kwa cheti cha zamani peke yake, maana vyombo vya kazi hii hubadilika daima. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani hurekebisha orodha yake ya istilahi kila mwaka, na mkutubi aliyehitimu mwaka 2015 hakufundishwa neno UVIKO-19. Makala nazo hufutwa. Ile ya jarida la Lancet ya mwaka 1998, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, ilifutwa mwaka 2010, na hadi leo wapo wanaoiamini. Sasa imekuja akili unde, ambayo huweza kumtungia mtu marejeo ya makala zisizokuwepo, yenye majina ya waandishi na namba za kurasa.

Afrika haijalala. Chama cha maktaba na habari za afya barani, AHILA, kipo tangu mwaka 1984. Tangu 2002, mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani umezifungulia taasisi za nchi maskini maelfu ya majarida, bure au kwa bei nafuu. Lakini kufunguliwa mlango ni jambo moja, na kujua kila chumba kina nini ni jambo jingine. Semina ya wiki moja yenye posho na picha ya pamoja, kisha kimya cha miaka mitatu, si mafunzo endelevu. Afadhali saa moja kila wiki, wakutubi wakae na maswali halisi yaliyoletwa na madaktari na wauguzi, na saa hizo zihesabiwe wakati wa kupandishwa cheo.

Je, sisi wa chama cha Kiswahili tunaingiaje? Utafiti mwingi wa tiba wa hapa China huandikwa kwa Kichina, na mkutubi wa Muhimbili asiyejua lugha hii haufikii. Napendekeza kwamba, kwa msaada wa walimu wetu, tuandike mwongozo mfupi wa Kiswahili wa kutafuta makala katika hifadhidata ya CNKI, pamoja na orodha ya istilahi za tiba za Kichina na Kiswahili. Tuanze na ugonjwa mmoja, malaria. Kazi hiyo itatufundisha msamiati ambao hatuupati katika vitabu vya darasani, na itampa mkutubi wa ng'ambo somo la kuanzia. Mwongozo ukikamilika tuupeleke kwao, watuambie ni wapi tumekosea, kisha tuusahihishe kila mwaka.